Mwari Mwenye Mvi

Mimi ni mwuza kanga, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa pia katibu wa kamati ya wananchi ya kuunga mkono upanuzi wa hospitali yetu hapa Kilwa. Sikugombea. Siku ya kuundwa kamati nilichelewa kikao kwa sababu nilikuwa na mteja asiyejua anataka rangi gani, na nilipofika nikakuta nimeshachaguliwa. Walinipigia makofi kwa furaha ya watu waliookoka.

Kamati ilikuwa na kazi moja: hospitali ipate jengo la saratani. Tulitaka mahali pa kupimia, pa kulaza na pa kutolea zile dawa za dripu, ili mtu wa huku akipatwa na ugonjwa huo asilazimike kuhamia Dar es Salaam. Gesi ya Songo Songo inakwenda Dar kwa bomba. Wagonjwa wetu wanakwenda kwa basi, na basi linasimama Somanga abiria wale samaki. Jirani yetu mmoja aliondoka na godoro, jiko la mkaa na binti wa kumpikia, akafikia kwa ndugu wa mumewe Mbagala, akakaa huko hadi undugu ukaisha. Alirudi kabla ya kumaliza dawa. Tulimzika mwezi wa Ramadhani.

Vikao vyetu vilifunguliwa kwa dua, ambayo ndiyo sehemu pekee iliyoanza na kumalizika kwa wakati. Baada ya hapo mwenyekiti, mzee anayenunua ufuta kwa wakulima, alieleza tulipofikia. Kwa kawaida tulikuwa tumefikia pale pale. Tulikunywa soda, tukaazimia kuendelea kuazimia, tukarudisha viti vya plastiki kwa mwenye viti.

Mwaka wa pili akaja mtaalamu kutoka juu. Juu, kwetu, ni mahali popote panapotoka gari jeupe. Alikuwa mtu mpole mwenye kompyuta ndogo, na alitusikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema shida yetu ni kwamba hatuna wagonjwa. Kwenye takwimu, alisema, saratani ya matiti na ile ya shingo ya kizazi huku kwetu ni kama haipo.

"Alhamdulillahi," akasema mwenyekiti.

Mtaalamu akamweleza taratibu kwamba hiyo si habari njema. Wagonjwa wapo, ila hawaji kupimwa. Wanaozidiwa wanakwenda Dar, na kule wanahesabiwa kuwa wa Dar. Wasiokwenda wanafia nyumbani na hawahesabiwi popote. Huwezi kujengewa jengo la ugonjwa ambao kwenye karatasi huna.

"Leteni wanawake wapimwe," alisema. "Jengo litafuata watu."

Tukatangaza. Bajaji yenye spika ilizunguka mji mzima kutangaza upimaji wa bure. Siku yenyewe walikuja wanawake wachache, kila mmoja na mtoto anayekohoa, wakaomba dawa ya kikohozi. Kwa hayo mengine walisema hawana shida, wakatuaga vizuri. Mwenyekiti akapendekeza tangazo litolewe msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Nikamuuliza msikitini atawatangazia kina nani. Akafikiri, akasema ataliangalia upya. Halafu kamati nzima ikageuka ikanitazama mimi, na nilijua hawanitazami mimi, wanamtazama mama yangu.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa msomaji wa kutoka mbali. Kwetu, mambo ya mwili wa mwanamke yana mlango mmoja. Msichana akivunja ungo anakuwa mwari, na anapewa somo, yaani mwanamke mzima wa kumfundisha unyagoni na kubaki naye maisha yote. Ukiwa na jambo la tumbo, la ndoa au la titi, unampelekea somo wako. Humpelekei mama yako, kwa mama ni aibu. Mama naye akiwa na neno kuhusu mwili wako, anampa somo wako akufikishie. Mimi na mama tumeishi nyumba moja karibu umri wangu wote. Tumezungumza bei ya nazi, tabia za majirani, na kama paa litavuja. Sijawahi kumtajia kitu chochote kilicho kati ya shingo na magoti, wala yeye hajanitajia.

Na mama alikuwa somo wa nusu ya Kilwa. Ndivyo ilivyo, sitii chumvi. Alikuwa amewafundisha wakaanga samaki, walimu, wake wa madiwani na mama zao. Hata muuguzi mkuu wa kliniki ya wanawake pale hospitali, mwanamke anayefoka mpaka madaktari wananyamaza, alikuwa mwari wa mama. Mama akiingia sokoni, wanawake wenye wajukuu walipiga magoti na vikapu vyao mkononi kumwamkia, naye aliitikia "marahaba" huku akikagua nyanya.

Nikamfikishia ombi la kamati. Alikuwa anachambua mchele.

"Wanapima nini?" akauliza.

Mimi ni binti yake, nisingeweza kusema. "Afya," nikajibu.

"Afya ya wapi?"

Nikatazama ukuta. Mama akaendelea na mchele kwa muda.

"Nimeelewa," akasema.

Sijui aliwaambia nini wari wake, wala si haki yangu kujua. Ninachojua ni kwamba Jumamosi iliyofuata hospitali haikuwa na pa kukanyaga. Waliotoka Kikole walikuja na lori la mwenyekiti, wamekaa juu ya magunia matupu. Waliotoka Songo Songo walivuka kwa boti, wakafika na chumvi kwenye nyusi. Wote walivaa kanga za sare, kama harusi. Kanga hizo walizinunua kwangu, na hilo naliandika tu kwa sababu mwenyekiti amekuwa akilitaja kwenye vikao.

Shida ilikuja ndani. Muuguzi alivuta pazia, akamlaza mwanamke wa kwanza, akamuuliza kama ana maumivu yoyote.

"Muulize somo," akasema yule mwanamke.

Akamuuliza kama amewahi kuona uvimbe.

"Muulize somo."

Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu alikataa kusema hata umri wake. Walikuwa wamefunzwa tangu wasichana kwamba mambo hayo hayasemwi nje, na hakuna aliyewaambia kwamba nyuma ya pazia la hospitali si nje. Ikabidi watoke kumwita mama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka koridoni, mgongo umenyooka. Akapaza sauti bila kuinuka: "Mjibuni. Nimeruhusu." Kuanzia hapo waliongea sana, hadi muuguzi akaomba waongee kwa zamu.

Mchana ulipofika, baadhi yao walikuwa wameambiwa warudi kwa vipimo zaidi. Mwenyekiti alipoambiwa kwamba sasa kuna wagonjwa wa kuandika, alifurahi wazi kabisa. Halafu akakumbuka anafurahia nini, akatoka akaenda kusimama chini ya jua peke yake. Nilimpenda zaidi siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Wakati wa kufunga, nikamwendea mama pale koridoni. Wanawake wote walikuwa wamepita isipokuwa yeye.

"Na wewe je?" nikamuuliza. Hilo niliweza kuliuliza, maana halikutaja kiungo.

"Mimi nimekuja kuwasindikiza," akasema, akakunja mkeka wake.

Nisingefikiri zaidi, kama si nguo. Siku chache baadaye nilikuwa nafua, nikakuta doa kwenye gauni lake, upande wa kushoto, kifuani. Lilikuwa dogo, la rangi ya chai, na lilikuwa upande wa ndani. Nikalichukua gauni hadi jikoni.

"Mama, hii ni nini?"

Akalitazama. "Mchuzi," akasema.

Mchuzi uliomwagika upande wa ndani wa nguo. Nililiosha gauni nikalianika, na tangu siku hiyo nikawa namchunguza mama yangu kama askari kanzu. Alikuwa ameacha magauni yake ya kubana kidogo, sasa anavaa madera mapana tu. Ndoo alibeba kwa mkono wa kulia. Mjukuu akiletwa kutembea, alimpakata upande wa kulia. Akilala mchana, alilalia kulia, na mto mdogo ameubana kwapani. Hakuna lililokuwa geni. Ila mimi ndiye niliyekuwa sijaangalia.

Niliogopa. Niliogopa hadi nikawa nakosea kukata kanga, nikawauzia watu doti lenye upande mrefu na upande mfupi. Na nilikasirika. Mama huyu alikuwa amewasukuma wanawake wa wilaya nzima nyuma ya lile pazia, wengine wamevuka bahari, na yeye mwenyewe amekaa hatua chache kutoka pale, amenyoosha mgongo, na titi lake linatoa maji. Nilitaka kumfokea. Nilimpikia pweza wa nazi badala yake, maana ndicho kitu ambacho desturi inaniruhusu.

Nikajaribu ujanja. Nikamwambia twende Dar tukatembee, nikitumaini nikimfikisha huko nitampeleka hospitali ambayo hakuna mtu anayemwamkia. Akasema Dar hana mtu. Nikamwambia tuna watu wengi. Akasema hao ndio anaowakwepa.

Ndipo nikaenda kwa muuguzi. Ni rika langu, tumekua pamoja, na kwake naweza kusema chochote. Nikamweleza doa, mkono na mto.

"Nimeona," akasema. "Siku ile pale mkekani nilimwona anavyouhifadhi ule upande."

"Umeona, na hukumwambia?"

"Nimwambie nini, shoga? Yeye ndiye aliyenifundisha kuoga. Mimi nisimame mbele yake nimwambie, somo, vua?"

Nikamwambia kuna daktari wa kiume. Akanitazama kwa huruma.

"Basi somo wake yeye," nikasema. "Mama lazima alikuwa na somo wake."

"Alikuwa naye. Yuko makaburini Kivinje tangu sisi tukiwa wadogo."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona jambo lile jinsi lilivyo. Kila mwanamke Kilwa alikuwa na mtu wa kumpelekea mwili wake, na wengi wao mtu huyo alikuwa mama yangu. Yeye hakuwa na mtu. Waliokuwa juu yake wamekufa. Waliobaki chini ni wari wake, na somo havui nguo mbele ya mwari. Binti yake ndiye kabisa, hakuwa hata kwenye hesabu. Mama hakuwa mkaidi. Alikuwa amefuata njia hadi mwisho wake na kukuta hakuna nyumba.

"Kuna kitu," akasema muuguzi. "Mwari hana kauli. Akishafunikwa, anapelekwa anakopelekwa. Hata awe mkaidi vipi, anakwenda."

"Mama ana mvi."

"Mvi hazijakatazwa."

Akawaita wakubwa wa wari, wale wanaosaidia unyagoni. Walibishana jioni nzima uani kwake. Mmoja alisema jambo hilo halijawahi kutokea. Mwingine akasema kwa kuwa halijawahi kutokea, basi halijawahi kukatazwa, na hiyo ndiyo hoja iliyoshinda. Mimi nilikaa pembeni nikihudumia chai, maana mimi nilikuwa mtoto wa mhusika na sikupaswa kuwa na maoni.

Walikuja asubuhi ya Alhamisi. Mama alikuwa uani anamenya muhogo. Waliingia bila kubisha hodi, kundi zima la wanawake watu wazima, wengine wana matatizo ya magoti, wakaanza ule wimbo wa kumchukua mwari. Wimbo wenyewe siuandiki. Mama aliinua kichwa. Aliwatazama mmoja mmoja, kama anayesoma majina, na nilimwona anaelewa. Angeweza kuwafukuza. Neno lake moja lingetosha, wangetawanyika kama kuku. Nilisimama mlangoni nikasubiri hilo neno.

Mama aliweka kisu chini. Akasogeza sinia la muhogo kivulini ili usikauke. Kisha akanyoosha miguu, akainamisha kichwa.

Wakamfunika kanga, na ya pili juu yake, hadi usoni.

"Mmefunga vibaya," ikasema sauti ya mama kutoka chini ya kanga. "Fundo linakaa nyuma."

Wakafungua wakafunga upya. Njiani aliwakosoa tena mara moja, kwamba wimbo wanaukimbiza. Mwari haruhusiwi kusema, na wote walijua, lakini hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia.

Langoni mlinzi kijana alitusimamisha. "Mambo vipi mama zangu? Huyo mgonjwa nani?"

"Mwari," akajibiwa.

Akatazama miguu iliyochungulia chini ya kanga, miguu yenye mishipa na nyufa za umri wake. Kwa mdomo wake akaanza kuuliza kitu, kwa macho yake akaona nyuso za wale wanawake, akafungua lango.

Chumbani waliingia muuguzi, mwari, na mimi nyuma yao nimebeba mkoba. Wengine walibaki koridoni. Muuguzi alivuta pazia, akaosha mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akageuka, akasema kwa sauti ile rasmi ya unyagoni, si ya hospitali:

"Somo wa mwari huyu ni nani?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mwari hafunguliwi bila somo wake kuwa kando yake, hilo kila mtu analijua, na katika mabishano yote ya chai na hoja walikuwa wamelisahau. Yeyote kati ya wale wa koridoni angejibu, angekuwa amejifanya somo wa somo wake. Muuguzi alinitazama mimi, halafu akatazama chini, kwa sababu mimi nilikuwa mbali zaidi kuliko wote. Nilimwona mama chini ya kanga zake, ameketi ukingoni mwa kitanda. Miguu haikufika sakafuni. Sikuwa nimejua kwamba mama yangu ni mfupi hivyo.

"Mimi," nikasema.

Kanga zikacheza kidogo. Nilingoja anikatalie. Badala yake mkono ukatoka upande mmoja, ukapapasa hewani hadi ukaupata mkono wangu, ukaukamata.

Muuguzi akafungua fundo la nyuma.

Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko nilivyoogopa. Ngozi ilikuwa imevutwa kwa ndani, na mahali pamoja palikuwa pamechubuka, ndipo palipotoka ule mchuzi. Titi lile nilinyonya mimi. Sikuwa nimeliona tangu wakati huo, na sasa nililitazama kama ninavyopaswa, bila kugeuza uso, kwa sababu kazi ya somo ni kuona. Nilihisi huruma nyingi hadi ikaniuma meno. Mama alitazama dari muda wote. Muuguzi alipima kwa vidole vyake, akasema maneno ya kawaida ya kazi yake, na machozi yalimtiririka hadi kidevuni bila yeye kuyafuta, maana mikono ilikuwa na glavu.

Wakakata kinyama kidogo kikapelekwa Dar kupimwa. Hata kinyama kilikwenda kwa basi.

Majibu yalichukua wiki kadhaa, na katikati ya wiki hizo likaja jibu jingine: upanuzi umekubaliwa. Yule mtaalamu alimpigia mwenyekiti simu mwenyewe. Alisema takwimu sasa zinaonyesha hitaji. Mama yangu alikuwa takwimu, pamoja na wenzake wa Kikole, wa mjini na wa Songo Songo. Kamati ilifanya kikao cha kushukuru, na kwa mara ya kwanza kwenye historia yake kikao hicho kilikuwa kifupi, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kusema. Tukapanga msaragambo wa kusafisha uwanja na kuchimba msingi. Watu walikuja na majembe yao, wanaume wakachimba, wanawake wakabeba mchanga, na wapishi wakapika pilau ya watu wasiofanya kazi pia, maana hao ndio wengi siku zote.

Nilikuwa na karai la mchanga kichwani muuguzi aliponiita pembeni. Hakumwita mgonjwa. Kwa desturi yetu, neno la mwari hupitia kwa somo wake, na yeye alikuwa amelishika hilo sawasawa.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Lakini daktari anasema bado kuna nafasi, akikatwa mapema na akapata dripu zote. Zote, shoga. Asije akarudi katikati."

Nikalitua karai, nikaenda nyumbani na mchanga nyweleni. Njia nzima nilitafuta jinsi ya kusema. Nyumbani kwetu lile neno halikuwahi kutamkwa. Ukiugua, ulikuwa na jipu, au uvimbe, au "ule ugonjwa", na ukifa ulikuwa umechoka.

Mama alikuwa chumbani, ameketi mkekani, na alikuwa amekaa kimwari: miguu imenyooka, mikono mapajani, kichwa kimeinama. Hakuna aliyemwambia nakuja. Labda alikuwa akikaa hivyo kila siku nikiwa dukani. Nikakaa mbele yake.

"Ni saratani ya titi," nikamwambia. "Titi litakatwa. Utawekewa dripu, nywele zitakatika, utatapika. Utakwenda Dar kwa sababu jengo letu ndiyo kwanza msingi. Mimi nitakuwa na wewe."

Nilisema hayo yote kwa sauti nzuri. Nilikuwa nimeazimia. Kisha nikaona mvi zake pale utosini, jinsi alivyozichana kwa uangalifu na kuzigawa katikati kama msichana, na nikaangua kilio kama mtoto aliyeanguka.

Mama akangoja. Kisha, ingawa mwari hasemi, akasema:

"Somo halii mbele ya mwari. Anamtisha."

Nikajaribu kunyamaza.

"Futa uso," akasema. "Halafu uniambie tunaondoka lini."

Nikafuta uso, nikajipaka mchanga machoni, nikamwambia Jumatatu.

Tulikaa Dar hadi nikazijua njia za Mbagala kuliko za kwetu. Alikatwa titi. Halafu zikaanza dripu, kila baada ya wiki tatu, na katikati hatukuweza kurudi nyumbani kwa sababu safari ilimtoa roho. Duka langu lilifungwa. Siku alizolazwa, nililala kwenye korido za hospitali, juu ya kanga, pamoja na mabinti wengine wa mikoani, tumepangana. Asubuhi nilinunua uji nje ya geti, nikapanga foleni ya ulinzi, foleni ya lifti na foleni ya mlangoni, na nilipomfikia ulikuwa umeshaganda juu. Alikunywa bila kulalamika. Mama yangu, ambaye hajawahi kula chakula cha mtu bila kukikosoa, alikunywa uji uliopoa na kuniambia ahsante. Hilo lilinitisha kuliko nywele zilizokatika.

Kisha jengo likaisha. Sitasema liliisha kwa wakati, maana mimi ni katibu na nina kumbukumbu. Rangi ilikuwa bado inanuka, na utepe wa ufunguzi ulikuwa bado haujakatwa kwa sababu mgeni rasmi alikuwa ameahirisha. Lakini dawa zilikuwa zimefika, na muuguzi wetu alikuwa amepelekwa mafunzo na kurudi, na mama alikuwa amebakiza dripu za mwisho mwisho. Tukarudi Kilwa. Asubuhi ile tulitembea kutoka nyumbani hadi hospitali kwa miguu, polepole, na watu walimwamkia njia nzima. Akakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha. Muuguzi akamtundikia dripu yake, na mama akamwambia plasta ameibandika upande.

Nikamwacha hapo. Nikaenda kufungua duka, nikauza kanga kwa mtu aliyejua rangi anayoitaka, nikapita nyumbani, nikapika uji wa mtama kwenye jiko langu mwenyewe, nikautia kwenye chupa. Nilipomfikia na kuumimina, ulikuwa unatoa mvuke. Mama akauonja, akakunja uso.

"Umezidisha sukari," akasema.

Nikamwomba msamaha, nikaenda kusimama nje, maana somo halii mbele ya mwari.